Nilipeleka PA kwa mkutano wa kuban jammer za magari Thika, budget ya serikali ikafanywa kama ya harusi

Wakuu, sasa. Natumai mko salama na watoto wamekula.

Nimeona uzi mahali hapa watu wakibishana kama serikali ikiban zile jammer za speed gun itatumia pesa ngapi. Mmoja anasema mabilioni, mwingine anasema hata shilingi haitatoka. Nikacheka peke yangu, kwa sababu hiyo hesabu niliiona ikifanywa live, na mimi nikiwa katikati nikitoka jasho.

Hii sikuambiwa kwa kinyozi. Nilikuwa hapo, waya zilikuwa zangu na aibu pia ilikuwa yangu. Mkitaka kuamini aminini, lakini sijaongeza chumvi.

Kwa wale hawajui, jammer ni kale kamashini mtu anaficha chini ya dashboard ndio polisi wakielekeza speed gun, ile ya kupima mwendo, kwa gari, isome ovyo au isisome kabisa. Hivyo ndivyo muuzaji huwa anasema. Ukweli wake tutaufikia.

Mimi niko Ruiru, na kazi yangu ni PA. Spika, mixer, mic, hiyo line. Nafanya harusi, ruracio za mahari, mazishi, crusade, mpaka ufunguzi wa butchery. Ukisikia mtu akisema "testing, one two" Jumamosi asubuhi na wewe bado unataka kulala, pengine ni mimi, nisamehe tu.

Sasa nikapata kazi ya ofisi moja ya serikali. Sitaitaja, msinisumbue. Walikuwa wanatayarisha sheria ya kuban hizo jammer, na kabla ya sheria lazima waulize wananchi. Public participation. Mkutano wa kwanza ulikuwa Thika kwa compound ya kanisa, halafu ingefuata Ruiru, Juja na Githurai 45.

Nikifanya ya Thika vizuri, zote ni zangu. Nikiharibu, nimeisha.

Na si kuisha na serikali tu. PA ni kazi ya jina. Mic ikikufa kwa mazishi ya mtu, hiyo story inatangulia gari yako mpaka kila mahali unaenda. Najua jamaa mmoja spika yake ililia kwa ruracio huko Kalimoni, na mpaka leo wazee wakimwona wanaziba masikio. Wanamtania, lakini hawamwiti.

Madam aliyekuwa anaongoza ile shughuli alikuwa mtu wa mpango. Si mbaya, lakini hacheki. Aliniambia mapema, "Kila mwananchi akiongea lazima asikike na arekodiwe. Maoni yasiporekodiwa, mkutano unarudiwa. Na ukirudiwa, hautarudiwa na wewe."

Nikamwambia asijali.

Asubuhi nikafanya soundcheck, kila kitu safi. Nilikuwa na mic moja ya waya kwa high table na mbili za wireless za kuzungushwa kwa watu. Nilitembea mpaka kwa gate ya kanisa nikiongea na sauti ilikuwa inatoka kama redio.

Watu wakaanza kuingia. Wamama wa chama, wazee, watu wa boda, wengine walikuwa wamekuja kwa sababu waliskia kuna soda. Si vibaya, hata mimi ningekuja.

Halafu nikaona mama mkwe wangu akiingia na lesso yake begani.

Bibi yangu ni wa Murera, na mama yake tunamwita mami. Mami ni mtu wa committee. Kukiwa na harusi ama mazishi upande wa Murera, yeye ndiye anakaa mbele kuongoza budget. Ana macho ya kuona kama kuku wa watu mia wanaandikwa wa watu mia mbili. Alinisalimia, "Baba Shiru, kumbe ni wewe leo?" akaenda kuketi mstari wa mbele na wenzake.

Wakuu, mnajua heshima ya mama mkwe kwetu. Heri kuaibika mbele ya serikali yote.

Baadaye kidogo gari ya Madam ikaingia. Double cabin nyeupe, ya serikali, dere, yaani dereva, ni jamaa wa rika langu anaitwa Ndirangu. Alipaki nyuma ya tent karibu kabisa na meza yangu, penye kivuli, akaacha engine ikinguruma ndio apigwe na AC.

Maombi yakafanywa. Madam akashika mic ya waya akaeleza sheria vizuri tu. Jammer hairuhusiwi kuuzwa, kuwekwa wala kubebwa kwa gari. Akasoma faida zake, akasoma adhabu, akafika pahali pa gharama.

"Gharama kwa serikali," akasema, "hakuna ya maana."

Nikasikia mami akiguna. Hiyo guno naijua. Ndiyo huwa anatoa mtu akisema tent ya harusi itapatikana tu.

Sasa ikafika zamu ya wananchi. Nikapeleka wireless kwa Mzee Gathogo wa Kalimoni, mzee mpole wa kofia. Akasimama, akasafisha koo.

"Mimi kwa majina naitwa," halafu krrrrr. Kimya.

Nikampatia ile ingine. Krrrr, kimya tena.

Nikabadilisha betri. Nikabadilisha channel. Nikasogeza receiver, nikapiga ile mic kofi kidogo, maanake hata sisi mafundi tunapiga, msidanganywe. Wapi. Mzee amesimama tu na mkono hewani kama mtu anangoja bus.

Na ile ya waya ya Madam inafanya kazi bila shida. Akisema "tungojee kidogo," Thika yote inamsikia.

Jamaa wa boda huko nyuma akapaza sauti, "Serikali inasikika, sisi hatusikiki." Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka.

Madam akaniangalia, na kwa ile mic akasema, "Huyu mtu wa sauti angetuambia mapema kama vyombo vyake ni vibovu. Tumeletewa aibu." Mbele ya watu wote. Mbele ya mami.

Aki wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Betri zikaniponyoka zikaanguka chini, nikaingia chini ya meza kuzitafuta na nikakaa huko muda mrefu kuliko vile ilihitajika.

Nikiwa hapo chini, Madam akamtuma Ndirangu aende na gari kuchukua mikate na soda. Gari ikaondoka.

Mimi sikujua. Nilikuwa chini ya meza na mic mkononi, nikiongea na Mungu wangu. Nikasema, "Ngai, hii kazi ikiniharibikia leo mbele ya mami, mimi nitahama Ruiru nirudi kulima."

Na hiyo maneno ikatoka kwa spika zote nne, clear kabisa.

Wakuu, kanisa yote ilikufa kicheko. Hata padri aliyekuwa mbali kwa mlango wa ofisi nilimwona akishika tumbo. Nilitoka chini ya meza nikapata mami amefunika uso na lesso, mabega yanaruka. Mzee mmoja akasema amina.

Lakini mic ilikuwa imefufuka. Mzee Gathogo akapewa, akaongea vizuri. Alisema anaunga hiyo sheria mkono, kwa sababu mjukuu wake alivunjwa mguu na gari iliyokuwa inapaa, na mwenye gari alikuwa anajisifu kwa baa vile polisi hawamwezi. Mama mwingine akaongea, kijana wa boda akaongea. Nikaanza kupumua.

Halafu gari ikarudi na mikate. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa katikati ya sentensi. Krrrr, kimya.

Wakati huohuo mama mwingine akaja akiniuliza kama mimi ni fundi, eti remote ya Probox yake imekataa kufungua mlango na asubuhi ilikuwa nzima. Alikuwa amepaki nyuma ya ile double cabin.

Nikasimama nikaangalia gari. Nikaangalia mic. Gari ikienda, mic inaamka. Gari ikija, mic inakufa na remote ya mama inakufa. Hata mtoto wa nursery angejua shida iko wapi.

Nikaenda kwa dirisha la Ndirangu polepole. Nikamuuliza, "Boss, kuna kitu umewasha humo ndani?"

Uso ulimwanguka. Akaangalia kushoto na kulia, akaniambia ingia. Kumbe iko hapo chini ya steering, kamashini kadogo kama kifuniko cha thermos, na taa ya kijani.

Alinieleza, na sikuona kama ananidanganya. Madam anaweza kuwa na mkutano Thika asubuhi na mwingine mbali saa chache baadaye, na hataki kuchelewa. Dere akichelewa ni makosa yake, akishikwa na speed gun pia ni makosa yake, na fine analipa mwenyewe. Jamaa fulani huko tao, mjini, akamuuzia hiyo kitu. Madam hajui.

"Na inafanya kazi?" nikamuuliza.

"Hata," akasema. "Juzi walinishika Juja ikiwa imewaka."

Hapo nilicheka, hata kama nilikuwa na hasira. Ile kitu ilikuwa inajam kila kitu duniani isipokuwa speed gun. Wakuu, kama unayo ya bei rahisi, jua umenunua mashini ya kufungia mama wa watu nje ya Probox yake.

Halafu Ndirangu akanishika mkono. "Ndugu yangu, usiseme. Nitafutwa. Nina watoto."

Sasa fikirieni. Jina langu limechafuliwa kwa mic. Nikisema ukweli, linasafishwa saa hiyo hiyo. Lakini nikisema, huyu jamaa anaenda nyumbani, na kwa mkutano wa jammer kabisa. Angekuwa kichekesho cha nchi.

Sikuweza. Nikamwambia azime tu, tuendelee. Akazima.

Nikarudi kwa meza, mic zikafanya kazi. Madam akasema, tena kwa spika, "Afadhali ameamka. Mikutano ile mingine tutatafuta mtu aliye tayari." Nikainamisha kichwa. Hiyo ilikuwa inamaanisha Ruiru, Juja na Githurai zimeenda, na jina langu limeenda nazo.

Niliuma meno tu. Roho ilikuwa inaniuma, siwezi kuwadanganya.

Sasa mami akaomba mic.

Hakusimama, alibaki tu amekaa. Akasema, "Madam, umesema hii kitu haina gharama. Mimi nimefanya committee nyingi na sijawahi kuona kitu haina gharama. Hebu tufanye budget."

Madam akataka kueleza kwamba si ajenda, lakini watu walikuwa washavuta viti mbele. Mnajua watu wetu na budget. Wamama wakageuza viti duara, mmoja akachaguliwa treasurer kabla hata hatujajua treasurer wa nini.

Mami akaanza. "Polisi atajuaje gari iko na hiyo mashini na imefichwa?" Kijana wa boda akasema lazima kuwe na mashini ya kuinusa. Basi hiyo ni item. Mashini inataka mtu aliyefundishwa, item. Ikipatikana, nani anafungua dashboard bila kuharibu gari ya mtu? Fundi wa serikali, item. Zikishikwa nyingi zinawekwa wapi, na nani analinda zisirudi sokoni kwa mlango wa nyuma? Store na askari. Kesi ikienda kortini, nani atamwonyesha hakimu hii ni jammer na si charger? Mtaalamu, na mtaalamu anakula lunch.

Mwalimu mstaafu akasema lazima pia tuandike upande ule mwingine, yaani zile speed gun serikali imenunua tayari na zinadanganywa, na watu kama mjukuu wa Mzee Gathogo wanaotibiwa hospitali ya serikali. Mami akakubali. "Hiyo ni ya kutoa kwa hesabu," akasema, vile anasema mtu akileta mbuzi wake mwenyewe.

Nakwambia Madam alikuwa ameanza kuandika kwa kasi. Na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu kidogo.

Budget ikasomwa yote. Na hapa ndio tuliharibu, ama tulitengeneza, sijui.

Kwetu budget ikisomwa, kinachofuata kinajulikana. Ni kuchanga. Mzee Gathogo akasimama, akavua kofia, akatembea mpaka high table akaweka noti ya mia mbili mbele ya Madam. "Mimi kwa hiyo mashini ya kunusa naanza na hiyo."

Watu wakapiga makofi. Wamama wakaanza kufungua vibeti. Treasurer akashika bahasha.

Madam karibu azirai. "Jamani, hapana. Hii si harambee. Serikali haichangiwi hivi. Mtu akitupiga picha itaonekana ni hongo." Akasukuma ile mia mbili kama ni moto, Mzee akairudisha, Madam akaisukuma tena. Mimi nilikuwa nimeshika mixer nisianguke na kicheko, hata na machungu yangu yote.

Mami ndiye aliokoa jahazi. Akamwambia Mzee, "Guka, chukua pesa yako. Na pia umeruka mstari. Kwa committee, anayeita watu huanza yeye. Madam ndiye ametuita. Serikali inaanza na nini?"

Madam akasema serikali itatenga fedha kwa bajeti ya mwaka.

"Siulizi pesa," mami akasema. "Nauliza magari yenu. Mmeanza kuangalia yenu?"

Hakuwa anajua kitu, naapa. Sikuwa nimemwambia. Ni swali tu la mtu aliyezoea kuona wenye harusi wanaomba wengine wachange na wao mfuko umefungwa.

Madam akajibu bila wasiwasi, "Mama, magari ya serikali hayawezi kuwa na vitu kama hivyo."

Mimi nikaangalia waya zangu. Nilijiambia, nyamaza, nyamaza.

Halafu nikaona mkono umeinuka huko nyuma kando ya tent. Ni Ndirangu.

Nilimpelekea mic nikitingisha kichwa, nikimwambia kwa macho asifanye hivyo. Akaichukua tu.

"Mimi ni dereva wa Madam," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilitoka safi. "Yetu iko nayo. Niliiweka mimi, yeye hajui. Na ndiyo ilikuwa inaua hizi mic. Huyu mtu wa sauti alijua akanificha, akatukanwa mara mbili na akanyamaza. Mimi nimeshindwa kukaa na hiyo."

Hapo hata soda ziliacha kufunguliwa.

Nilidhani Madam atamfuta kazi hapo hapo. Kisha akamwambia aende ailete. Ndirangu akaomba bisibisi yangu, akaenda akaitoa, akaja akaiweka kwa high table. Mzee Gathogo akainama kuiangalia, akasema, "Kumbe ni kadogo hivi," na watu wakacheka kidogo kwa woga.

Madam akasimama. Akasema, "Mama ameuliza serikali inaanza na nini. Inaanza na hii. Andikeni kama gharama ya kwanza."

Makofi yakaanza, akainua mkono yakaisha.

"Na kuna nyingine," akasema. Akaacha mic yake ya waya, akashuka kutoka high table, akatembea mpaka kwa meza yangu. Akaniomba ile wireless. Nikampa.

Akageukia watu. "Huyu bwana nilimharibia jina kwa mic, kwa hivyo sitamwomba msamaha kwa sikio. Vyombo vyake vilikuwa vizuri. Kibaya kilikuwa kwa gari yangu. Naomba msamaha."

Mimi ni mtu wa kuwapa wengine sauti, hiyo siku yangu ilikataa kutoka. Nilishika tu fader ya sauti kwa mixer nikaipandisha kidogo, ndio hata walio nje ya gate wasikie, na machozi yakanitoka mbele ya mami bila hata kuona aibu.

Kwa watakaoniuliza: Ndirangu alipewa barua ya onyo lakini bado ni dere. Madam alibadilisha ratiba ndio wasiwe wanakimbizana na mikutano miwili siku moja. Ile mikutano mingine nilirudishiwa. Githurai 45 tulienda pamoja, na kabla hajasema lolote kuhusu sheria, alifungua mlango wa gari akaita watu wa mbele waje waangalie chini ya steering kwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Ban ina gharama, asikudanganye mtu, na ya pesa inaweza kuandikwa na wamama wa Murera kabla soda haijaisha baridi. Ile ngumu ni mkubwa kukubali mbele ya watu kwamba kosa limepatikana kwake. Nimeona mmoja akiilipa, na sheria yake tukaiunga mkono wote, mpaka wale walikuja kwa ajili ya mkate.

Sasa nyinyi mnaobishana kwa ule uzi mwingine, leteni item ambayo mami alisahau, nitampelekea. Na kama uko na hiyo kitu chini ya steering, toa maoni pia, lakini izime kwanza ndio tukusikie.